Wanawake wa Urusi waliolinda ushairi na muziki enzi za ukandamizaji

MWISHONI mwa miaka ya 1930, katika jiji la Leningrad, mshairi Anna Akhmatova alikuwa na namna yake ya kumwonyesha rafiki shairi jipya. Aliandika beti kadhaa kwenye kipande cha karatasi, akampa mgeni wake azisome kimya hadi zimkae moyoni, kisha akakiteketeza kipande hicho kwa kiberiti juu ya kisahani cha majivu ya sigara. Muda wote huo wawili hao walizungumza kwa sauti kuhusu chai au hali ya hewa, kwani waliamini kuwa kuta zilikuwa na masikio.

Utungo aliouficha hivyo ni 'Requiem', unaosimulia masaibu ya akina mama waliopanga foleni nje ya magereza wakati wa utawala wa Josef Stalin. Uliishi kwa zaidi ya miaka 20 si vitabuni bali vichwani mwa watu wachache aliowaamini, miongoni mwao wanawake wawili watakaotajwa hapa baadaye.

Urusi haijawahi kukosa wanawake mashuhuri. Valentina Tereshkova alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kusafiri anga za juu mnamo Juni 1963, naye mnenguaji Anna Pavlova aliueneza mchezo wa baleti katika mabara kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, katika nyanja za elimu, fasihi na muziki, historia yao ina mkondo mmoja unaojirudia kwa namna ya kusikitisha: dola iliyowafungulia wanawake milango ya masomo ndiyo hiyo hiyo iliyowaziba vinywa walipoanza kusema.

Mkondo huo ulianza mapema. Malkia Catherine wa Pili, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani, alitwaa mamlaka kutoka kwa mumewe mnamo 1762 na kutawala hadi kifo chake mnamo 1796. Mnamo 1764 alianzisha taasisi ya Smolny jijini St Petersburg kwa ajili ya kuwasomesha mabinti wa makabaila. Aidha, mnamo 1783 alimteua mwanamke, Yekaterina Dashkova, kuwa mkurugenzi wa Akademia ya Sayansi, uteuzi ambao haukuwa na kifani katika Ulaya ya wakati huo.

Dashkova hakuwa pambo la ofisini. Mwaka huo huo alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Urusi, asasi iliyopewa jukumu la kuishughulikia lugha ya taifa, na chini ya uongozi wake ikatayarishwa kamusi kubwa ya Kirusi iliyotoka kwa juzuu sita kati ya 1789 na 1794. Mtu yeyote aliyewahi kushiriki katika kazi ya kamusi atafahamu kuwa miaka sita kwa juzuu sita ni kasi ya kustaajabisha.

Lakini mnamo 1793 Dashkova aliruhusu mtambo wa akademia uchapishe tamthilia ya marehemu Yakov Knyazhnin iliyomhusu shujaa mmoja wa Novgorod aliyepinga utawala wa mtu mmoja. Catherine, aliyekuwa ameingiwa na hofu kutokana na mapinduzi ya Ufaransa, aliamuru nakala ziharibiwe. Urafiki wa wanawake hao wawili ulivunjika, na malkia alipofariki, mwanawe Paul alimfukuza Dashkova jijini na kumpeleka uhamishoni kijijini.

Karne moja baadaye hali ilikuwa ngumu zaidi kwa msichana asiyekuwa na malkia wa kumtetea. Sofia Kovalevskaya, aliyezaliwa Moscow mnamo 1850, alikulia katika nyumba ambayo karatasi za ukutani zilipungua wakati wa ukarabati. Chumba cha watoto kikabandikwa kurasa za mihadhara ya hisabati. Binti huyo alizikodolea macho kwa saa nyingi kabla ya kujua maana yake.

Vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, wala msichana hakuweza kusafiri nje bila idhini ya baba au mume. Kovalevskaya alifunga ndoa ya jina tu mnamo 1868 ili apate kuondoka. Alipata shahada ya udaktari kutoka Göttingen, Ujerumani, mnamo 1874, akatunukiwa tuzo ya Bordin ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mnamo 1888, na mwaka uliofuata akawa profesa kamili jijini Stockholm. Alifariki mnamo 1891 akiwa na umri wa miaka 41. Nchi yake haikuwahi kumpa kiti cha uprofesa.

Akhmatova, kinyume chake, hakuondoka, na uamuzi huo ndio uliomjenga na kumtesa. Alizaliwa karibu na Odessa mnamo 1889 kwa jina la Anna Gorenko. Babake hakutaka jina la ukoo lihusishwe na mashairi, hivyo binti akachukua jina la Kitatari kutoka upande wa mamake. Diwani yake ya kwanza ilitoka mnamo 1912 na ya pili mnamo 1914, akawa maarufu kabla ya kutimiza miaka 30.

Mumewe wa kwanza, Nikolai Gumilev, alikuwa mshairi pia na msafiri aliyevutiwa mno na Afrika. Alizuru Uhabeshi zaidi ya mara moja, na mnamo 1913 aliongoza msafara wa kukusanya vifaa vya kitamaduni kwa niaba ya jumba la makumbusho la St Petersburg. Walikuwa tayari wametalikiana alipopigwa risasi na utawala wa Bolshevik mnamo Agosti 1921 kwa madai ya kushiriki njama dhidi ya serikali. Tangu siku hiyo Akhmatova alihesabiwa kuwa mjane wa adui.

Pigo kubwa zaidi lilimfika kupitia kwa mwana wao wa pekee, Lev. Alikamatwa mnamo 1935 akaachiliwa, akakamatwa tena mnamo 1938, na mara nyingine mnamo 1949 licha ya kwamba alikuwa amepigana vitani hadi Berlin. Kosa lake kuu lilikuwa wazazi wake. Mamake alisimama miezi 17 katika foleni za gereza la Leningrad, mikononi akiwa na kifurushi cha mahabusu, sawa na maelfu ya wanawake wengine ambao hawakujua kama waliowatafuta walikuwa hai. Foleni hizo ndizo zilizozaa 'Requiem'.

Mnamo Agosti 1946 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ilimshutumu hadharani, na afisa wa chama Andrei Zhdanov akamtusi kwa kumwita nusu mtawa, nusu kahaba. Alifukuzwa katika Chama cha Waandishi. Mnamo 1950 alichapisha mashairi ya kumsifu Stalin kwa matumaini kwamba mwanawe angeachiliwa. Wapo waliomlaumu kwa hilo, ila ni vigumu kumhukumu mzazi aliye katika hali hiyo. Kwa vyovyote vile, mashairi hayo hayakumsaidia: Lev alitoka mnamo 1956, miaka mitatu baada ya Stalin kufa.

Mmoja wa waliosoma vile vipande vya karatasi kabla havijateketezwa ni Lydia Chukovskaya, bintiye mwandishi maarufu wa watoto. Mumewe, mwanafizikia Matvei Bronstein, alikamatwa mnamo 1937. Chukovskaya aliambiwa kuwa amefungwa miaka 10 bila haki ya kuandikiana barua, kauli ambayo wananchi hawakuijua maana yake mapema. Bronstein alikuwa amekwisha kupigwa risasi mnamo Februari 1938.

Katika majira ya baridi ya 1939 na 1940, Chukovskaya aliandika riwaya fupi, 'Sofia Petrovna', kumhusu mpiga chapa mtiifu ambaye mwanawe anakamatwa. Mama huyo anaiamini serikali, anamwamini mwanawe, na kwa kuwa hawezi kuyaunganisha mambo hayo mawili, akili inamruka. Ni mojawapo ya vitabu vichache kuhusu msako ule vilivyoandikwa wakati ule ule, si baada ya mwisho wake kujulikana. Ndiyo maana kinasomeka hadi leo. Kilichapishwa Paris mnamo 1965, na katika Muungano wa Kisovieti mnamo 1988.

Wa pili ni Nadezhda Mandelstam. Mumewe, mshairi Osip Mandelstam, alikamatwa mara ya kwanza mnamo 1934 kwa sababu ya shairi la kumkejeli Stalin, na akafariki Desemba 1938 katika kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok. Bi Nadezhda alibaki na mashairi ambayo hayangeweza kuchapishwa wala kuwekwa kabatini. Alipopata kazi ya usiku katika kiwanda cha nguo katika mji mdogo wa Strunino, alikuwa akitembea kati ya mitambo huku akiyanong'ona ili asisahau hata neno, mfano wa mwanafunzi wa chuoni anayerudia aya zake.

Kwa miaka mingi alihama mji hadi mji akifundisha Kiingereza. Mwishowe aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, zilizochapishwa ng'ambo mnamo 1970 na 1972, na ambazo haziwasazi maadui wala marafiki. Nyaraka za mumewe zilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mnamo 1976. Yeye alifariki miaka minne baadaye.

Si wote waliostahimili. Marina Tsvetaeva, ambaye wahakiki wengi humweka bega kwa bega na Akhmatova, alirejea kutoka Ufaransa mnamo 1939. Mumewe na bintiye walikamatwa mwaka huo huo. Alijitoa uhai katika mji wa Yelabuga mnamo Agosti 1941.

Katika muziki, udhibiti ulichukua sura nyingine, kwani wimbo usiokuwa na maneno ni vigumu kuushtaki. Mpiga piano Maria Yudina alifutwa kazi katika chuo cha muziki cha Leningrad mnamo 1930 kwa sababu hakuificha imani yake ya Kikristo. Kuna kisa kinachopendwa sana kwamba Stalin alimsikia redioni usiku mmoja, akataka santuri ambayo haikuwapo, na wanamuziki wakaamshwa kuirekodi kabla ya mapambazuko. Kisa hicho ni kitamu, hata kikaingizwa katika filamu ya mwaka 2017, lakini watafiti wengi wanakitilia shaka na heri kichukuliwe kuwa hekaya.

Isiyo hekaya ni habari ya Galina Vishnevskaya, mwimbaji wa opera aliyenusurika mzingiro wa Leningrad na kujiunga na Bolshoi mnamo 1952. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alimwandikia sehemu ya sauti ya kike katika 'War Requiem', kazi iliyozinduliwa Coventry mnamo Mei 1962. Serikali ilimnyima ruhusa ya kusafiri, na Heather Harper akaimba badala yake. Baada ya Vishnevskaya na mumewe, Mstislav Rostropovich, kumhifadhi mwandishi Alexander Solzhenitsyn nyumbani kwao, maisha yaligeuka shubiri. Waliondoka mnamo 1974, wakavuliwa uraia mnamo 1978, na kurudishiwa mnamo 1990.

Sofia Gubaidulina, mjukuu wa imamu wa Kitatari aliyezaliwa Chistopol mnamo 1931, alishauriwa na mtunzi Dmitri Shostakovich aendelee na njia yake, ile ambayo wakuu waliiona kuwa ya makosa. Aliifuata. Mnamo 1979 alitajwa miongoni mwa watunzi saba walioshutumiwa katika kongamano la chama chao. Riziki yake ilitokana na muziki wa filamu, ikiwemo vibonzo vya Mowgli, hivyo watoto wa Kisovieti walisikia muziki wake huku watu wazima wakinyimwa. Kazi yake 'Offertorium' ilizinduliwa Vienna mnamo 1981. Alihamia Ujerumani mnamo 1992, akafariki huko Machi 2025.

'Requiem' yenyewe ilichapishwa Munich mnamo 1963 bila idhini ya mwandishi, na nchini mwake mnamo 1987, miaka 21 baada ya kifo chake. Mnamo 2006 sanamu yake ilisimamishwa ukingoni mwa mto Neva, ikilielekea gereza alikopanga foleni.

Miaka 18 baadaye, mnamo Julai 2024, mahakama ya kijeshi jijini Moscow iliwahukumu mshairi na mwongozaji Zhenya Berkovich na mwandishi Svetlana Petriychuk kifungo cha miaka sita kila mmoja kwa madai ya kuhalalisha ugaidi. Ushahidi ulikuwa tamthilia yao kuhusu wanawake wanaolaghaiwa mitandaoni waolewe na wapiganaji nchini Syria, tamthilia iliyokuwa imeshinda tuzo kuu za kitaifa za maigizo mnamo 2022. Wote wawili walikana mashtaka, wakisema waliiandika ili kuwaonya wanawake hao.