Silaha Ndani ya Kitabu

Mwenye bastola huificha kiunoni, chini ya shati. Sisi tuliokulia Marambo tulisimuliwa bunduki za wazi: hapo Nachingwea ndipo FRELIMO walipofunza wapiganaji dhidi ya Wareno, na kuanzia 1967 wanawake nao wakashika silaha.

Lakini silaha iliyomuua kiongozi wao, Eduardo Mondlane, haikufichwa chini ya shati la mtu. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, alifungua kifurushi. Kulikuwa na kitabu, na ndani yake bomu.

Mondlane alikuwa msomi, aliwahi kufundisha chuo kikuu Marekani. Nadhani muuaji alilijua hilo. Mgeni mwenye shati pana unaweza kumshuku. Kitabu, yaani, sisi wasomaji tunakifungua tu.