Tor, majani chai na siku moja ya Kampala

Ukipita Litein asubuhi utakuta akina mama wamebeba majani chai hadi kwenye banda la kununulia. Karani anapima, lori linapeleka kiwandani, kisha chai inakwenda mnadani Mombasa. Anayeinywa Karachi hamjui mama aliyeichuma.

Mtandao wa Tor unafanya kazi karibu hivyo. Wazo lake lilizaliwa miaka ya 1990 katika maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na programu ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Ujumbe unafungwa kwa siri tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, halafu unapitia kompyuta tatu za watu wanaojitolea. Ya kwanza inakujua lakini haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako lakini haikujui.

Nilianza kuyajali haya Januari 2021. Tarehe 12, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Uganda, mitandao ya kijamii ilifungwa kule. Mwenzangu wa Kampala, tuliyekuwa tukiandika programu pamoja, akapita njia za panya tukaendelea kuongea. Akanitumia kazi iliyobaki na namba ya simu ya nyumbani kwao. Usiku wa tarehe 13 akapotea. Intaneti yote ilikuwa imezimwa, ikarudi tarehe 18.

Baadaye nikaweka Snowflake, programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari na kumpitisha aliyefungiwa hadi aingie Tor. Sikuthubutu kuwa kituo cha mwisho. Polisi wakimfuata mhalifu, anwani wanayoikuta ni ya mwenye kituo hicho, nami nina watoto.

Mei 2025 Tanzania ilifunga X. Hapo Snowflake ina kazi. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Hapo haina kazi. Mlango ukifungwa utapita dirishani, lakini barabara ikikatwa hakuna dirisha litakalokufaa. Nasi Wakenya tusijione salama: Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilifungwa hapa kwetu.

Basi kuna faida gani, na bando lenyewe ni ghali? Mimi naikumbuka ile tarehe 12. Siku moja tu, lakini ilitosha mtu kuaga na kuacha namba ya simu. Ndiyo maana kompyuta yangu naiacha iwake.