Faili Moja, Majina Mawili: Historia ya Kosa Lililowapigisha Watu Safari ya Bure

Ndugu wasikilizaji wa Likasi, nanyi mliokuja kwetu kutoka pande za Mitwaba na kwingineko, wengi wenu mmeniuliza, kwa simu na hata sokoni, ni nini kilitokea siku ile mlipopata ujumbe kwamba jamaa yenu amepatikana na mfike redioni. Tuliomba radhi hewani. Lakini kuomba radhi si kueleza, na mama mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Kikula na nguo za mtoto ndani ya mfuko ana haki ya kuelezwa. Nimechukua muda kutafuta chanzo. Nilidhani nitakuta uzembe wa siku moja. Nimekuta uzembe, ndiyo, na nyuma yake kuna historia inayoanzia Ulaya mwaka 1989.

Kwanza mambo yenyewe. Majina ya watu wanaotafutana hutufikia kwenye karatasi, kwenye simu, na mdomoni mwa watu wanaosimama mlangoni. Mtu yuleyule anaweza kuandikwa mara tatu: kanisani ni Joseph, kwa karani wa komini ni Ilunga Kalenga, mtaani ni Papa Mwamba kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Watu waliokua baada ya 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, wanajua vizuri kuwa na jina la karatasi na jina la nyumbani. Kwa hiyo kijana anayetusaidia kwenye kompyuta (ordinatere, kama tunavyosema hapa) alituandikia programu kwa lugha iitwayo Python. Faili ya kwanza aliiita majina.py. Kazi yake ni kupanga majina na kuonyesha yanayojirudia.

Chini kabisa ya faili hiyo aliacha mistari michache ya kujaribia: fungua orodha ya simu, tuma ujumbe. Alipoijaribu, modemu haikuwa na inite, kwa hiyo hakuna kilichoondoka, naye akasahau. Baadaye akaandika faili ya pili, tangazo.py, ya kutayarisha karatasi ninayosoma hewani. Hiyo ya pili ilihitaji ujuzi wa ile ya kwanza, na mstari wake wa juu ulisema tu: `import majina`. Yaani, niazime majina. Siku ile tulikuwa tumetia inite kwenye modemu kwa ajili ya kazi nyingine. Mimi mwenyewe ndiye niliyeianzisha tangazo.py. Ujumbe ukaondoka kwenye simu 23.

Wazee wa hapa hawahitaji kuambiwa jina kwenye orodha lina uzito gani. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, wengi sana walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, na familia ziligawanyika palepale kwenye reli. Wako ambao hadi leo wanauliza. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "njoo, amepatikana", hujamtumia jaribio la kompyuta.

Sasa, kwa nini kuazima faili kulituma ujumbe? Fikirieni kanisa ambamo mhubiri anasema Kifaransa na pembeni yake amesimama mkalimani. Mkalimani hangoji mahubiri yaishe. Sentensi ikitoka, anaitoa kwa Kiswahili palepale. Python ni lugha ya namna hiyo: ndani ya kompyuta kuna mkalimani anayesoma mstari, anautekeleza, anakwenda kwenye unaofuata. Kuna mistari inayosema "hivi ndivyo kazi fulani inavyofanyika". Hiyo anaiweka kichwani tu. Kuna mingine inayosema "fanya". Akifika hapo, anafanya. Na hata pale faili, au moduli kama mafundi wanavyoiita, inapoazimwa na faili nyingine, bado anaisoma yote toka juu hadi chini. Huwezi kumwazima mtu ujuzi wake bila kumwacha aseme kila alichokuja nacho.

Lugha za zamani zaidi hazikuwa na shida hii kwa sura hii. Katika C, ambayo Dennis Ritchie aliitengeneza Bell Labs kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, programu ina mlango mmoja wa kuingilia unaoitwa `main`. Kazi nyingine zote hukaa kimya hadi ziitwe.

Python haikuwekewa mlango huo. Guido van Rossum aliianza wakati wa sikukuu za Noeli ya 1989, akiwa mfanyakazi wa taasisi ya CWI mjini Amsterdam, Uholanzi, ambako alikuwa ameshiriki kazi ya lugha nyingine iliyoitwa ABC. Aliitoa kwa watu Februari 1991. Alitaka lugha nyepesi, mtu aandike mistari mitano na ifanye kazi bila sherehe. Mstari wa juu ndio mwanzo, basi. Ili moduli ijue iko katika hali gani, ilipewa kitu kidogo: kila faili inayosomwa hubeba jina lake ndani yake, katika neno `__name__`. Ikiazimwa, jina hilo ni lile la kawaida, kwa mfano majina. Ikianzishwa yenyewe, mkalimani anaivua jina lake na kuiita `__main__`, yaani kichwa cha kazi yote. Kutokana na hapo waandishi wa programu walijizoeza kuandika chini ya faili zao swali hili:

`if __name__ == "__main__":`

Kwa maneno yetu: kama mimi ndiye niliyeitwa kuongoza kazi, fanya yafuatayo; kama nimeazimwa tu, nyamaza. Mstari huo mmoja, ukiwekwa juu ya ile mistari ya kujaribia, ungemwacha yule mama nyumbani kwake Kikula. Haukuwekwa, na lugha haikulazimisha uwekwe.

Hilo ndilo lililonifanya nisome zaidi, maana nilitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kutaka ulazimishwe. Wapo. Wenye Python huandika mapendekezo yao katika karatasi zenye namba ziitwazo PEP. Mwaka 2002, Jeff Epstein alipendekeza katika PEP 299 kwamba kila moduli iwe na kazi maalumu ya kuanzia, yenye jina linalojulikana, ili mkalimani aiite mwenyewe. Pendekezo lilikataliwa. Mwaka 2003 Guido aliandika makala akishauri namna nzuri ya kuipanga kazi hiyo kwa mkono: iweke ndani ya kazi moja iitwayo main, kisha lile swali liiite. Ulikuwa ushauri, si sheria. Mwaka 2007 Brett Cannon alikuja na PEP 3122: faili ibaki na jina lake la kweli hata inapoanzishwa yenyewe, na alama ya uongozi iwekwe mahali pengine. Nayo ilikataliwa, Guido hakushawishika, na kuanzisha faili zilizo ndani ya fungu la moduli alikuona kuwa desturi mbaya.

Mimi si fundi, lakini katika hili naegemea kwa Cannon kuliko kwa Guido. Kumvua mtu jina kwa sababu leo yeye ndiye kiongozi kunaleta matatizo, na Python inayo. Ukianzisha majina.py yenyewe, kisha katika kazi hiyohiyo faili nyingine ikaiazima, mkalimani hatambui kwamba ni ileile. Daftarini kwake ameiandika kwa jina la `__main__`. Anapoulizwa majina, halioni, basi anaisoma upya toka mwanzo. Zinakuwa nakala mbili, kila moja na orodha yake, na jina ulilotia katika ya kwanza halimo katika ya pili. Sisi tunaokaa mji ambao ramani za zamani zinauita Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, tumeshaona watu wakitafuta karatasi za baba zao upande mmoja wa kabati wakati ziko upande mwingine kwa jina lingine.

Haki isemwe pia upande wa pili, maana desturi hii ya faili yenye kazi mbili imeleta faida kubwa. Zamani ukitaka kuanzisha moduli iliyo ndani ya maktaba ya Python, ulipaswa kujua imewekwa fasi gani kwenye diski. Toleo la 2.4, lililotoka Novemba 2004, lilileta amri `-m`: unataja jina la moduli, mkalimani anaitafuta mwenyewe na kuianzisha. Mwanzoni ilifanya kazi kwa moduli za juu tu. Nick Coghlan wa Australia aliandika PEP 338, na katika toleo la 2.5, Septemba 2006, amri hiyo ikafika hadi kwenye moduli zilizo ndani ya mafungu. Mwaka 2008 ikarekebishwa tena, kwa PEP 366, ili faili iliyoanzishwa hivyo iweze kuazima kwa jirani zake bila kupotea njia.

Nawapa mfano ambao wengine wenu mmeutumia bila kujua. Intaneti inapokatika, nasi tuna sauti ya kuwapa watu waliokuja studio, kijana wetu anaandika `python -m http.server`. Kompyuta inageuka kuwa kituo kidogo, simu zilizo karibu zinaunganishwa kwa Wi-Fi na kuchukua faili bila kula megabaiti hata moja. Moduli hiyohiyo huazimwa na programu nyingine kwa kazi nyingine kabisa, na haiwashi kituo chochote inapoazimwa, kwa sababu chini yake lile swali limeandikwa.

Jirani zetu nao wamejenga juu ya desturi hiyo. RapidSMS, mfumo wa ujumbe wa simu ulioanzishwa na UNICEF, umeandikwa kwa Python. Rwanda ilianza kuutumia Musanze kufuatilia akina mama wajawazito, na Uganda iliutumia katika kazi zake za afya. Umejengwa juu ya Django, chombo kilichozaliwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World kule Kansas (ndiyo, katika ofisi ya waandishi wa habari, na hilo linanifurahisha). Kila kazi mpya ya Django hupewa faili ndogo iitwayo manage.py, na chini yake lile swali liko tayari. Mtu haachiwi kulikumbuka. Novemba 2023 watu wa Django kutoka nchi nyingi walikutana Zanzibar, mkutano wa kwanza wa aina hiyo Afrika.

Kwetu, mistari ya kujaribia sasa iko chini ya swali hilo katika faili zote mbili. Orodha ya jaribio ina namba moja tu, yangu, na maneno ya ujumbe wake ni "hili ni jaribio". Modemu inakaa kwenye droo hadi watu wawili wasome orodha kwa macho yao.

Yule mama alirudi Kikula siku ileile. Tulimtafutia pikipiki. Nguo alizirudisha ndani ya mfuko akisema zitafaa bado, mtoto hajakua sana. Jina la mtoto, kwa namna zote mbili linavyoandikwa, bado liko kwenye orodha, na tunalisoma kila Jumatano jioni baada ya habari.