Jinsi ya kusakinisha maktaba za sayansi kwenye tarakilishi bila kumaliza bando

NENO maktaba likitajwa, wengi hufikiria jengo lenye rafu za vitabu. Katika taaluma ya kuandika programu za tarakilishi, hata hivyo, maktaba ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na wataalamu, ambazo mtumiaji huzichukua na kuzitia katika kazi yake badala ya kuunda kila hesabu upya.

Maktaba za sayansi zinazotumika sana zimejengwa juu ya lugha ya Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mnamo 1991. Miongoni mwazo ni NumPy ya kushughulikia majedwali ya nambari, SciPy ya hesabu za kisayansi, pandas ya kupanga na kuchanganua takwimu, na Matplotlib ya kuchora grafu. Zote hutolewa bila malipo, na leseni zake humruhusu mtu kuzinakili na kumpa mwenzake.

Umuhimu wake kwa wakazi wa mitaa ya Nairobi kama vile Kibera na Kawangware si mdogo. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba Kibera ina watu hadi milioni moja. Sensa ya 2009 ilipata watu 170,070.

Mwaka uo huo wa 2009, vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera. Walizunguka na vifaa vya GPS, wakaweka vichochoro, shule, vyoo na zahanati katika ramani huria ya OpenStreetMap, mahali ambapo awali palikuwa karibu patupu.

Kukusanya takwimu, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzichanganua, na hapo ndipo maktaba hizi zinapohitajika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeishi mtaani ndiye anayejua swali la kuulizwa takwimu hizo, mradi awe na chombo cha kuliulizia.

Kikwazo kikuu ni gharama ya intaneti. Wanafunzi wengi hutegemea bando la simu au saa chache katika saiba. Kwa bahati nzuri, maktaba nne zilizotajwa, pamoja na Python yenyewe, hazizidi takriban megabaiti 150. Kifurushi kikubwa cha Anaconda, ambacho baadhi ya vitabu hukipendekeza, hula mamia ya megabaiti kwa kuwa hubeba maktaba nyingi ambazo anayeanza hazihitaji.

Wanafunzi 20 wakipakua kila mmoja kivyake, watatumia hadi gigabaiti 3. Mmoja akipakua na kuwagawia wenzake kwa flashi, ni megabaiti 150 tu zitakazolipiwa.

Utaratibu wenyewe katika mfumo endeshi wa Windows ni huu. Kwanza, kisakinishi kamili cha Python kipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya python.org na kuhifadhiwa kwenye flashi. Wakati wa kukisakinisha, kisanduku kinachotaja PATH kitiwe alama.

Pili, katika tarakilishi iliyounganishwa na intaneti, mtumiaji afungue dirisha la amri akiwa ndani ya flashi na kuandika: py -m pip download -d maktaba numpy scipy pandas matplotlib. Amri hiyo huunda folda iitwayo maktaba na kuweka humo faili zote, pamoja na zile ndogo ambazo maktaba hizo huzitegemea.

Tatu, flashi ipelekwe kwenye tarakilishi isiyo na intaneti, Python isakinishwe, kisha dirisha la amri lifunguliwe ndani ya flashi na kuandikwa: py -m pip install --no-index --find-links=maktaba numpy scipy pandas matplotlib. Maneno hayo huiagiza tarakilishi isitafute chochote mtandaoni.

Mwisho, mtumiaji aandike py ili kuingia katika Python, kisha import numpy. Lisipotokea onyo lolote, kazi imekamilika.

Ikumbukwe kwamba faili hizo hutengenezwa kwa toleo mahususi la Python na aina mahususi ya mashine. Zilizopakuliwa kwa tarakilishi ya biti 64 hazitafanya kazi kwenye ya biti 32, wala za Windows hazitaingia katika Linux. Tarakilishi mbili zikiwa na matoleo tofauti ya Python, usakinishaji utakwama hata kama faili zote zimo.

Jambo hili huwasumbua hasa wenye mashine kuukuu. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na ilikoma kupokea marekebisho ya usalama mnamo 2024. Kwa mashine kama hizo, hasa za biti 64, ni heri kuweka Linux nyepesi kama vile Lubuntu, ambamo maktaba hizi hupatikana kwa amri ya apt, mathalani sudo apt install python3-numpy.

Fauka ya hayo, majina ya maktaba yaandikwe kwa uangalifu. Walaghai wamewahi kupachika mtandaoni programu hasidi zenye majina yanayokaribiana na ya maktaba mashuhuri, wakivizia anayekosea herufi moja. Vilevile, flashi inayopita mikononi mwa wengi ichunguzwe virusi kabla ya kila matumizi, la sivyo kitakachosambaa mtaani hakitakuwa sayansi pekee.