Sherlock Holmes wa siku hizi: Vile mpelelezi wa 1887 alipewa simu na bado akabamba

Kama umewahi kukesha kwa keja ukimaliza "Sherlock" ya BBC, labda ulidhani yule jamaa wa koti refu ni mtu wa juzi. Zii. Huyo msee ni wa kitambo kuliko reli ya Mombasa. Reli ilianza kujengwa 1896, na Sherlock Holmes alikuwa ashatokea 1887 kwa riwaya ya "A Study in Scarlet", iliyoandikwa na daktari Mskoti, Arthur Conan Doyle. Riwaya zake zilifika 4 na hadithi fupi 56, ya mwisho ikitoka 1927.

Sasa, wazo la kumleta kwa enzi ya simu lilianzia kwa treni. Steven Moffat na Mark Gatiss walikuwa wakiandikia "Doctor Who", inayotengenezewa Cardiff, na safari za huko kutoka London walikuwa wanazimaliza wakipiga stori za Holmes. Kipindi cha kwanza cha majaribio, cha dakika 60, hakikurushwa hewani. Hadithi ikarekodiwa upya ikawa ya dakika 90 hivi, na Julai 25, 2010 watu wakaona Benedict Cumberbatch kama Sherlock na Martin Freeman kama John Watson. Jumla ni vipindi 13 pekee, kuanzia 2010 hadi 2017. Ndio, 13 tu, na mashabiki walikuwa wanangoja hadi miaka miwili kuona vitatu.

Utamu wenyewe uko kwa vile walibadilisha vitu. Watson wa kitabu ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa vitani Afghanistan. Zaidi ya miaka 120 baadaye, Uingereza ilikuwa tena na wanajeshi Afghanistan, kwa hivyo Watson wa 2010 anatoka hapo hapo, na hakuna kitu ilibidi wabadilishe. Hiyo ni bahati, lakini pia inauma ukiifikiria.

Kuna hii nyingine. Kwa "The Sign of the Four" ya 1890, Holmes anashika saa ya mfukoni ya Watson, anaona mikwaruzo kando ya tundu la ufunguo, anajua mwenyewe alikuwa mlevi, mikono ikitetemeka akiijaza. Kwa BBC saa imekuwa simu, na mikwaruzo iko kwa tundu la chaja. Kitabuni mlevi ni kaka ya Watson. Sherlock wa TV naye anasema ni kaka, jina Harry, kumbe Harry ni dada! Waliosoma kitabu ndio walishikwa vizuri zaidi.

Hata neno RACHE walilipindua. Kitabuni limeandikwa ukutani kwa damu, karao anadhani ni mwanzo wa jina Rachel, Holmes anamwambia ni Kijerumani, maana yake kisasi. Kwa TV mtu wa polisi ndiye anakuja na hiyo ya Kijerumani, anafungiwa mlango usoni, kwa sababu safari hii ni Rachel kweli. Kiko nacho kikabadilishwa na plasta tatu za nikotini mkononi.

Msimu wa nne, tuambiane ukweli, ulichemsha. Kesi za mtaani za London zikaisha, tukaletewa kisiwa chenye gereza na siri za familia. Mtu alipendwa kwa kuona tope kwa viatu, hakuhitaji hayo yote.

Ukitaka Holmes mwenye amejaa utu, cheki "Elementary" ya CBS, 2012 hadi 2019, vipindi 154. Jonny Lee Miller ni Holmes wa New York anayepigana na uraibu, na Watson ni Joan, aliyekuwa daktari wa upasuaji, akiigizwa na Lucy Liu. Holmes wa Doyle alikuwa akijidunga kokeini, na "Elementary" haikuifanya hiyo kitu ya kuchekesha. Kwangu hapo inapiga BBC.

Halafu kuna ngori ya pesa. "Enola Holmes" ya Netflix, Millie Bobby Brown akiwa dada mdogo wa Sherlock, ilipelekwa kortini Marekani 2020 na familia inayosimamia mali ya Doyle. Hoja yao: Sherlock baridi wa hadithi za mwanzo yuko huru, lakini Sherlock mwenye hisia ni wa zile za mwisho, ambazo bado zilikuwa na hakimiliki. Yaani ulipe juu mtu ameonyesha huruma. Kesi iliisha bila hukumu, na kuanzia Januari 1, 2023 hadithi zote ziko huru huko pia.

Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Doyle alikufa 1930. Kwa hivyo mwandishi wa Kayole akitaka Holmes apande mat ya Githurai akisoma viatu vya makanga, hakuna wa kumuuliza. Ila asiguse Molly Hooper, yule daktari wa mochari: huyo Doyle hakumuandika, alibuniwa na watu wa "Sherlock" na bado ni mali yao.