Mshale Uliovuka Ukingo wa Skrini

Mwishoni mwa mwaka 1996, wahandisi wengi wa Cosmo Software, kampuni tanzu ya Silicon Graphics huko Marekani, walikuwa na kompyuta mbili mezani: moja ya Irix, mfumo endeshi wa Silicon Graphics, nyingine ya Windows. Hiyo ilimaanisha kibodi mbili, vipanya viwili, na mkono unaoshika kisichotakiwa mara kwa mara. Visanduku vya kuhamisha kibodi kutoka kompyuta moja hadi nyingine vilikuwepo, ila vilikuwa ghali na kero. Richard Lee na Adam Feder, wakisaidiwa na Chris Schoeneman, wakaandika programu ya CosmoSynergy. Ukiusukuma mshale hadi ukingoni mwa skrini ya kwanza, unatokezea kwenye ya pili, na kibodi inaufuata hukohuko.

Wenzao waliipenda, lakini kampuni haikutaka kuiuza, na baadaye yenyewe ikafungwa. Schoeneman akaanza upya kabisa, na mwaka 2001 akatoa Synergy kama programu huria. Ilikuwepo tayari x2x ya Digital Equipment Corporation, ila hiyo iliunganisha skrini za mfumo wa madirisha wa X pekee. Synergy iliunganisha mifumo isiyojuana.

Katika Synergy, kompyuta yenye kibodi ndiyo seva, nyingine ni wateja. Wengi hudhani ni kinyume, na hapo ndipo wanapoanza kupotea. Seva hunasa kila msogeo na kila herufi, huvituma mtandaoni kupitia mlango namba 24800, naye mteja huiaminisha kompyuta yake kwamba kuna mkono wa mtu umeigusa.

Hitilafu za miaka ya mwanzo zilikuwa za kuelekezana njia tu. Jina la mteja halilingani na lile lililoandikwa kwenye faili la seva. Ruta imezimwa na kuwashwa, anwani ya IP imebadilika. Faiawoli imeuziba mlango. Ile iliyonipotezea jioni nzima ilikuwa ya mipaka: faili lilitaka kila njia itajwe mara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nilisema kompyuta ya pili iko kulia kwa ya kwanza. Sikusema ya kwanza iko kushoto kwa ya pili. Mshale ukaenda, haukurudi. Kuna pia kitufe cha Scroll Lock: ukikigusa bila kujua, mshale unafungiwa kwenye skrini uliko, na hakuna ujumbe wowote wa kukuambia sababu.

Jambo zito zaidi halikuonekana kama hitilafu. Kwa miaka mingi herufi zilisafiri wazi, bila kufichwa, nenosiri likiwemo. Aliyeweza kuchungulia mtandao uleule aliweza kulisoma. Usimbaji ulipoongezwa baadaye, ulikuja na tatizo lake: kompyuta mbili kukataana kwa sababu cheti cha mojawapo kimebadilika. Naona bei hiyo ni halali.

Kisha mifumo yenyewe ikaanza kushuku mikono isiyoiona. Windows ikazuia programu ya kawaida kubonyeza dirisha la msimamizi. macOS ikadai mwenye kompyuta aiidhinishe programu kwa mkono wake. Wakati mwingine, baada ya kusasisha, alama ya tiki hubaki ilhali idhini haifanyi kazi, na dawa ni kuiondoa programu kwenye orodha ya idhini kisha kuiongeza tena. Kwenye Linux, X iliruhusu programu moja isikilize vitufe vya nyingine. Wayland, mrithi wa X iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, ilikataa, na ilikataa kwa haki. Peter Hutterer ndiye aliyetengeneza libei, njia ya programu kuomba ruhusa waziwazi badala ya kupenya.

Synergy nayo imezaa matawi: Barrier mwaka 2018, kisha Input Leap; na mradi wake wenyewe wa programu huria leo unaitwa Deskflow. Microsoft wana Mouse without Borders tangu 2011, nao Apple walitoa Universal Control mwaka 2022, ya vifaa vyao wenyewe tu.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kushika anwani na nyaya, mimi huuliza kwanza nani ananyima ruhusa. Mshale ukivuka vizuri lakini herufi hazifiki, na seva ni Mac, tafuta programu iliyoachwa wazi ikisubiri nenosiri. Wakati huo macOS hairuhusu programu nyingine yoyote kusikiliza kibodi. Ifunge, herufi zitafika.