Nusu ya Ushahidi: Sera ya Usomaji wa Awali na Lugha ya Watoto wa Ziwani

Kwa maandishi, sera ya lugha katika madarasa ya chini ya shule za msingi nchini Kenya imebaki ile ile tangu ripoti ya Gachathi ya 1976: mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kichukue usukani. Waraka wa kisera nambari 14 wa 2012 uliirudia kauli hiyo, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 ukairithi. Katika miji ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo ya eneo ni Kiswahili. Ziwani ni mfano usio na utata. Mtaa huu wa Eastlands ulijengwa na manispaa ya Nairobi enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na leo umo katika wadi ya Ziwani/Kariokor, eneobunge la Starehe. Vizazi kadhaa vya Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo vimewalea watoto wao ukuta kwa ukuta, na watoto hao wamekua wakizungumza Kiswahili cha mtaani. Kama kuna mahali nchini ambapo sera ya 1976 ingetekelezeka bila kuvutana juu ya lugha ya nani itangulie, ni hapa. Hata hivyo, mtoto wa Ziwani anayeingia Gredi ya Kwanza hufundishwa kusoma lugha mbili kwa wakati mmoja, huku Kiingereza kikipewa vipindi vingi zaidi. Na akipelekwa akademi ya kibinafsi, aghalabu huwa ameanza kukariri maneno ya Kiingereza tangu chekechea. Makala hii inadai kwamba dola ya Kenya imeukubali ushahidi wa kisayansi kuhusu namna ya kufundisha kusoma, ila imeukwepa ushahidi kuhusu lugha ya kuanzia, na kwamba kwa mitaa kama Ziwani ukwepaji huo hauna udhuru.

Kwanza itolewe haki inapostahili. Ripoti za Uwezo, tathmini ya usomaji na hesabu ya watoto, zilipoanza kutoka mwaka 2010, zilionyesha kwamba takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 ilikuwa imewaingiza watoto madarasani kwa mamilioni. Kuingia kumbe si kujifunza. Jibu la Wizara ya Elimu halikuwa warsha na hotuba peke yake, na hilo si jambo la kila siku katika historia ya elimu yetu. Kati ya 2011 na 2014, mradi wa majaribio uliojulikana kwa herufi PRIMR uliendeshwa Nairobi, Thika, Nakuru na Kisumu, katika shule za umma na zile za kibinafsi za ada nafuu, na shule zikagawanywa kwa kura ili ulinganisho uwe wa haki. Baadaye watafiti walilinganisha mafungu matatu: mafunzo ya walimu pamoja na ufuatiliaji peke yake, mafunzo hayo yakiongezewa kitabu kimoja kwa kila mtoto, na yote hayo yakiongezewa miongozo ya walimu iliyopanga somo hatua kwa hatua. Fungu la tatu ndilo lililofaulu zaidi, hata gharama zilipohesabiwa. Kutokana na matokeo hayo ukazaliwa mpango wa Tusome mwaka 2015, ukafika katika shule za msingi za umma nchi nzima, ukiwa na vitabu vya kila mtoto, miongozo, na maafisa wa kusaidia mtaala waliozunguka madarasani na vishikwambi wakipima usomaji na kumshauri mwalimu papo hapo. Ni nchi chache mno barani Afrika zilizolitoa jaribio la utafiti katika mamia ya shule na kulifanya kazi ya serikali nchini kote.

Kiini cha mbinu hiyo hakina ajabu. Mtoto hufundishwa waziwazi uhusiano wa sauti na herufi, akajifunza kuunganisha sauti kuwa silabi na silabi kuwa maneno, kisha akasoma matini fupi kila siku na kuulizwa alichoelewa. Jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilifikia mkataa wa aina hiyo mwaka 2000, Uingereza ikaupokea kupitia ripoti ya Rose ya 2006, na jimbo la Mississippi likauwekea sheria mwaka 2013. Wapo wanaonung'unika kwamba hii ni sayansi ya kuletwa. Manung'uniko hayo yanashangaza, kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili aliyeandika ba, be, bi, bo, bu ubaoni alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kabla jopo hilo halijaundwa.

Sasa tuje kwenye nusu iliyoachwa. Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba uelewa wa matini ni zao la mambo mawili: uwezo wa kufumbua maandishi na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walitumia alama ya kuzidisha badala ya kujumlisha, na uamuzi huo ndio wenye uzito wote. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri, hata kingine kiwe kikubwa vipi. Mtoto wa miaka sita wa Ziwani anaelewa maelfu ya maneno ya Kiswahili bila kufundishwa na yeyote. Kiingereza anachokijua ni salamu, majina ya rangi na amri za mwalimu. Akifunzwa kufumbua maandishi ya Kiswahili, uelewa unamjia hapo hapo, kwa sababu neno analolitamka analitambua kwa sikio na hujua kama amelikosea. Akifunzwa kufumbua Kiingereza, hata akifaulu kutamka, hana sikio la kumsahihisha. Utafiti uliofanywa Kenya unathibitisha hili: uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2016 na Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell ulionyesha kwamba watoto walisoma Kiingereza kwa sauti kwa kasi kubwa kuliko walivyosoma Kiswahili au lugha ya nyumbani, lakini uelewa wao wa Kiingereza ulikuwa duni kuliko wa lugha hizo nyingine. Wamefunzwa kuimba maandishi. Mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma ukurasa wa Kiingereza bila kukwama hudhani kazi imekwisha, na ni vigumu kumlaumu.

Kuna pia suala la maandishi yenyewe. Kiswahili kina irabu tano zenye sauti tano, silabi nyingi huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuhitaji alama. Mambo ya kujifunza zaidi ni machache: ch, sh, ny, ng', dh, th, gh. Katika Kiingereza herufi a ina sauti moja ndani ya cat, nyingine ndani ya cake, nyingine tena ndani ya call, na hakuna kanuni fupi ya kumpa mtoto wa miaka sita. Mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Wale wa Kifini, Kigiriki, Kiitalia na Kihispania walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakijifunza Kiingereza, lugha yao wenyewe, walisoma karibu theluthi moja. Ikiwa aliyezaliwa ndani ya Kiingereza anahitaji muda mrefu kiasi hicho, kumwanzishia mtoto wa Ziwani kwa Kiingereza ni kumfunza kuogelea penye mkondo mkali ilhali kina kifupi kiko kando yake. Aliyekwisha kujua kwamba herufi ni sauti, na kwamba sauti huunganishwa, haanzi upya akifika kwenye lugha ya pili. Anakuta tu kanuni mbaya zaidi.

Pingamizi la kwanza linahusu Sheng, usemi wa mitaani wa Nairobi. Inasemwa kwamba watoto wa Eastlands hawazungumzi Kiswahili, wanazungumza lugha nyingine, hivyo Kiswahili sanifu ni kigeni kwao sawa na Kiingereza. Hoja hii husikika sana vyuoni na haisimami. Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, anaichukulia Sheng kuwa aina ya Kiswahili cha Kenya, na mwenye masikio mtaani atakubali: viambishi vya nafsi, njeo na muundo wa sentensi ni vya Kiswahili, hata msamiati unapokopwa kutoka Kiingereza, Kikuyu au Kidholuo. Mtoto anayesema mabuku badala ya vitabu ana kazi ya kujifunza neno na ngeli. Sauti zote anazo tayari. Isitoshe, pengo kati ya lugha ya nyumbani na ya shule halikuanzia Ziwani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na tangu hapo mtoto wa Lamu na wa Mvita wamelazimika kuvuka pengo lao. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa ajili hiyo waanze na Kiingereza.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya ushahidi wenyewe, na wanaotetea lugha za Kiafrika mara nyingi hulipita kimya. PRIMR ilipopanuliwa hadi Machakos na Bungoma, kundi moja la shule lilifundisha kusoma kwa Kikamba na Kibukusu pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Watoto hao walipata maendeleo katika lugha zao, lakini hawakuwapita wenzao wa PRIMR ya kawaida katika Kiingereza wala Kiswahili, na katika hesabu walikuwa nyuma. Anayesema kwamba lugha ya nyumbani huinua kila kitu papo hapo hana msaada katika matokeo hayo. Lakini yasomwe kwa makini. Kule lugha ya tatu iliongezwa juu ya mbili zilizokuwapo. Hapa pendekezo ni kupunguza kutoka mbili hadi moja kwa mwaka wa kwanza. Pia watoto wale walitoa muda wao kwa lugha ya tatu na bado hawakurudi nyuma katika Kiingereza, na kurudi nyuma huko ndiyo hofu kuu ya wazazi. Na vikwazo vya kule, yaani upungufu wa vitabu, walimu wasioizoea lugha ya eneo kwa maandishi, na uhamisho wa walimu, Ziwani havipo. Vitabu vya Kiswahili vya madarasa ya chini vimejaa, na kila mwalimu wa shule ya msingi amesoma Kiswahili, somo ambalo liliwekwa katika mtihani wa taifa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985.

Hofu ya wazazi yenyewe si upuuzi. Kiingereza ndicho lugha ya mitihani na ya ajira zenye mshahara wa maana, na historia imewafunza kutoiamini dola inapowashauri watosheke na lugha nyingine. Utawala wa kikoloni ulitumia lugha za Kiafrika kuwabania Waafrika. Ripoti ya Ominde ya 1964 iliipokea njia ya Kiingereza tangu darasa la kwanza katika hali hiyo, ikiwa na uzoefu wa miaka michache tu wa njia iliyoanzia kwenye shule za Waasia jijini Nairobi mwaka 1957. Lakini swali la leo si kama mtoto ajue Kiingereza, bali akisome lini. Hakuna kinachozuia Kiingereza kufundishwa kwa kusikiliza na kuzungumza Gredi ya Kwanza nzima, ili msamiati uwepo maandishi yatakapokuja Gredi ya Pili. Njia hiyo inakihudumia Kiingereza vizuri kuliko ya sasa. Shirika la Usawa Agenda liliripoti kutokana na tathmini ya 2021 kwamba wanafunzi wawili tu kati ya watano wa Gredi ya Nne waliweza kusoma matini ya Kiingereza ya Gredi ya Tatu. Janga la korona lilichangia, bila shaka. Ila anayetetea mpangilio uliopo ndiye mwenye mzigo wa kueleza matokeo hayo.

Tanzania huletwa mezani kama kielelezo, na pande zote mbili huitumia vibaya. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi huko tangu 1967, lakini ripoti za Uwezo ziliwakuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Ndipo serikali ikaleta mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu mwaka 2015. Lugha ilikuwapo, mbinu haikuwapo. Kwa Kenya upungufu umekaa upande wa pili, jambo ambalo ni nafuu: mbinu ndiyo iliyotafutwa kwa fedha na miaka, ilhali lugha watoto huja nayo shuleni.

Suala la fedha linaifanya hoja hii isisubiri. Tusome ilijengwa kwa msaada wa Marekani na Uingereza, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID. Vitabu, mafunzo na safari za maafisa wa mtaala sasa vinategemea bajeti ya taifa, na bajeti finyu haina budi kuanzia pale ambapo mtoto hujifunza haraka. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala inaweza kupanga upya miongozo ya Gredi ya Kwanza kwa shule za Eastlands bila kusubiri sheria mpya, kwa kuwa sera inayoruhusu hilo ipo tangu 1976. Tume ya Huduma za Walimu, mwajiri wa maafisa wa mtaala, inaweza kuwaagiza wapime Kiswahili peke yake mwaka wa kwanza, kwa kigezo kilichopo cha maneno 45 kwa dakika kama lengo la baadaye. Shule za Ziwani, Kariokor na Kaloleni zianze, zilinganishwe na nyingine kwa kura kama ilivyofanywa mwaka 2011, na matokeo yachapishwe yawe mazuri au mabaya.